UZI: Shangazi wetu, aliyetembea nyuma ya wote kwa miaka 16, ametutoka. Tumkumbuke hapa

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wakimbiaji, wa zamani na wapya,

Wengi wenu habari mnayo tayari. Shangazi alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, kwa ugonjwa ambao mwenyewe aliomba tusiuzungumze, na mimi sitauzungumza. Tulimzika Ijumaa. Kesho yake, saa 12 asubuhi, watu wakaja kukimbia kama kila Jumamosi, tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyejua koni zinawekwa wapi. Miaka 16 hakuna aliyewahi kulazimika kujua. Ukifika unazikuta zimeshapangwa njiani.

Mwanawe akatufungulia stoo. Koni zilikuwa zimefutwa vumbi, zimepachikwa moja juu ya nyingine, na juu yake karatasi yenye mwandiko wake: "Koni 38. Mbili zina ufa, ziwekwe pasipopita magari." Nilisoma ile karatasi nikashindwa kusimama.

Jina lake kamili sitaliandika, familia imeomba hivyo. Kwetu alikuwa Shangazi, hata kwa waliomzidi umri.

Nilikutana naye nikiwa wa mwisho. Ni miaka 14 sasa. Mbio zangu za kwanza, kilomita 10, sikuwa nimejiandaa, na uzito niliokuwa nao wanaonifahamu wanaukumbuka. Kufikia kilomita ya 7 kila mtu alikuwa ameshanipita. Nikawa nasikia sauti nyuma yangu, plastiki ikigongana, tak, tak, tak. Nikageuka nikamwona mwanamke amevaa kizibao cha njano cha kung'aa, amekumbatia koni kifuani. Nikamsogelea pembeni nikamwambia, "Pita tu, dada." Akasema, "Siwezi kukupita. Kazi yangu iko nyuma yako."

Hakuongeza neno kwa muda mrefu. Hakuniambia nijikaze. Hakuniambia nimekaribia, na baadaye nilikuja kujua kwamba neno "umekaribia" alilichukia kuliko tusi. Alikuwa akiwafundisha watu wa kujitolea wapya: mkimbiaji aliyechoka ana haki ya kuambiwa ukweli. Kwa hiyo nilipomuuliza bado kiasi gani, alinijibu: "Kilomita 2 na mita 300. Mita 400 za mwanzo ni kilima, ukikimaliza hakuna kingine." Ilikuwa hivyohivyo. Nilikipanda kile kilima kwa kutembea, nikijua mwisho wake uko wapi, na kujua huko kulinisaidia kuliko makofi yote niliyopigiwa tangu hapo.

Nilipofika mwisho, utepe ulikuwa bado umefungwa. Saa ilikuwa bado inatembea. Kijana aliyeshika orodha akanitajia muda wangu kwa sauti: saa 1, dakika 34 na sekunde 8. Kulikuwa na maji, na maji hayo hayakuwa masalio ya chupa ya mtu. Shangazi alikuwa na sanduku dogo la bluu lililoandikwa WA MWISHO, ndani yake vikombe 20 visafi na maji yaliyofungwa, na halikufunguliwa mpaka watu ishirini wa mwisho waanze kuingia. Wakati wa jua kali meza za maji huwa zinaisha mapema, maana wanaotangulia hunywa kimoja na kujimwagia kingine kichwani. Alilijua hilo, akaweka akiba yake pembeni, na hata mshindi mwenyewe asingegusa kikombe cha sanduku lile.

Alhamisi iliyofuata simu yangu ikalia. Namba nisiyoijua. "Jumamosi unakuja?" Nikamwambia miguu inauma. "Inapouma ni mbele ya paja au kwenye goti?" Mbele ya paja, nikasema. "Basi hiyo ni ya kawaida, itaisha. Njoo utembee." Nikaenda. Nimeendelea kwenda.

Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji mzuri kabla goti halijamkatalia. Msimu mzima daktari alimkataza kukimbia, akaona kukaa nyumbani Jumamosi ni adhabu, akaja kushika saa. Alipenda kusimulia kwamba hata parkrun, zile mbio za kilomita 5 za kila wiki ambazo leo ziko nchi nyingi, zilianzishwa na mtu aliyekuwa majeruhi: Paul Sinton-Hewitt, tarehe 2 Oktoba 2004, kwenye bustani ya Bushy Park mjini London, wakimbiaji 13 tu. Hakuweza kukimbia, akawaita wenzake ili angalau aonane nao. Kutoka kwao Shangazi alichukua jambo moja: kila mbio iwe na mtu wa kujitolea anayetembea nyuma kabisa, ili asiwepo mkimbiaji anayeitwa wa mwisho. Wa mwisho ni yeye. Namba hiyo imeshachukuliwa.

Na kuna habari ya Mtanzania John Stephen Akhwari. Sote tunaijua: Mexico City, Oktoba 1968, maratoni ya Olimpiki, ameanguka, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde kushinda. Watu huisimulia kwa ajili ya ujasiri wake, na ni haki yake. Lakini Shangazi aliitazama upande mwingine. Aliniuliza siku moja tukiwa tunaosha vikombe: "Muda wake ni upi?" Nikatafuta, nikakuta: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Akasema, "Sekunde 27. Umeona? Giza limeingia, mshindi ameshavikwa medali, watu wengi wamekwenda zao, na kuna mtu alikuwa bado ameshika saa. Hakukadiria, amepima mpaka sekunde. Huyo mtu hatumjui jina."

Tangu siku hiyo siwezi kuona muda wa mtu wa mwisho kwenye orodha yoyote bila kumfikiria yule aliyebaki kuuandika.

Nafungua uzi huu ili kila aliyetembea naye aandike alichokiona. Andikeni hata mistari miwili. Nitawachapia wanawe yote.

#2 Raba Kuukuu

Pole sana mkuu, poleni wote. Nimesoma hapo kwenye sanduku la bluu nikalia. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyewekewa maji siku ile. Kumbe lilikuwa sanduku la kila wiki. Apumzike kwa amani Shangazi.

#3 Kumi Bila Kupumzika

Mimi niliwahi kugombana naye, na nataka niandike hapa, kwa sababu kwenye mazishi sikupata nafasi ya kusema.

Miaka ya nyuma njia yetu ya kilomita 10 ilikuwa imepimwa kwa gari. Mtu aliendesha, akatazama dashibodi, akaweka alama. Nilikimbia njia ile kwa dakika 39 na sekunde 48. Kushuka chini ya 40 ilikuwa ndoto yangu ya miaka minne, nikautangaza muda ule kila mahali. Shangazi hakusema kitu. Wiki tatu baadaye akatokea na baiskeli.

Wengi walimwona siku zile akizungukazunguka wakadhani anafanya mazoezi ya goti. Alikuwa anapima. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, kinaitwa Jones Counter, kilibuniwa Marekani mwaka 1971, na mpaka leo njia za mbio kubwa duniani hupimwa kwa aina hiyo ya kifaa. Hakihesabu mita, kinahesabu mzunguko wa gurudumu. Kwa hiyo kwanza unatafuta kipande kilichonyooka kisichopungua mita 300, unakipima kwa tepu ya chuma, unakipita kwa baiskeli mara nne ukiandika namba. Halafu unapima njia. Halafu unarudi kwenye kipande kile unakipita tena mara nne, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi inatanuka na gurudumu linakuwa kubwa kidogo kuliko asubuhi. Kwenye kona unafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo. Na mwisho unaongeza mita 1 kwa kila 1,000, ili hata ukikosea njia isije ikawa fupi. Kilomita 10 inachorwa mita 10,010. Maratoni inaongezwa mita 42. Haya yote alinieleza yeye, mimi nikiwa nimenuna.

Jibu lilikuja: njia yetu imepungua mita 140. Kwa mwendo wangu hizo ni kama sekunde 33. Muda wangu wa fahari haukuwa chini ya 40 hata kidogo.

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Nilimwambia anaharibu furaha za watu kwa mita ambazo hakuna anayezijali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Unazijali wewe, ndiyo maana umekasirika." Nikaacha kuja kwa miezi mitano. Kila Alhamisi alinipigia. Sikupokea. Aliendelea kupiga.

Nilirudi. Ilinichukua mwaka na miezi miwili mingine. Nilimaliza njia mpya kwa dakika 39 na sekunde 51, polepole kwa sekunde 3 kuliko ule muda wa uongo. Alikuwa huko nyuma na mtu wa mwisho, hakuniona nikiingia. Alipofika alichukua orodha, akaisoma, akaandika kitu pembeni ya jina langu, akanipa karatasi niondoke nayo. Ninayo mpaka leo. Imeandikwa: "Mita zote zipo."

#4 Mwanzisha uzi

@Kumi Bila Kupumzika asante kwa kuandika. Ile miezi mitano alikuwa akiniuliza habari zako kila Jumamosi. Hakuwahi kuniambia mlichogombania. Nilijua leo.

#5 Kamba Fupi

Mimi sioni. Simu inanisomea mnayoandika na inaniandikia ninayosema, kwa hiyo mnisamehe kama kuna neno limekwenda kombo.

Nilipompigia Shangazi mara ya kwanza kumuuliza kama naweza kuja, nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Nimekataliwa sehemu nyingi kwa sauti ya upole. Yeye aliuliza maswali matatu: urefu wangu, mkono ninaopenda kushikia, na kama huwa nahesabu hatua. Halafu akasema nimpe wiki mbili.

Sikujua wiki mbili za nini. Mwanawe ndiye aliniambia baadaye. Alikuwa akifunga kitambaa machoni, anampa kijana ncha ya kamba, ile ambayo mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake hushika pamoja, wanazunguka uwanja mtupu alfajiri. Alianguka mara moja akachubuka kiganja. Alitaka kujua ni maneno gani yanamfikia mtu kwa wakati na yapi yanachelewa. Akagundua kwamba "angalia" ni neno bure kabisa, maana halisemi uangalie nini. Kwa hiyo waongozaji wetu wote hawalitumii. Wanasema "tuta, hatua tatu", "kushoto kidogo", "panashuka". Neno la hatari linakuja kwanza, maelezo baadaye.

Aliwafundisha pia sheria ambayo waongozaji wageni wengi hawaijui: mwongozaji hamvuti mkimbiaji, wala hamsukumi, na kwenye mstari wa mwisho mkimbiaji lazima atangulie. Katika mashindano rasmi mwongozaji akitangulia kukanyaga mstari unaondolewa. Kwetu hakuna wa kukuondoa, lakini Shangazi alisimamia hilo kama fainali. Mita 20 za mwisho kamba ililegea kabisa mkononi mwangu, nikamsikia akisema nyuma ya bega langu, "Mbele yako pako wazi, nyooka." Ndugu zangu, nina miaka 46. Siku ile ndiyo nilikimbia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu macho yangu yazime.

Namsikia bado. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo asubuhi, ikifika kilomita ya 3 inakuwa safi. Hilo nadhani wenye macho hamkuliona.

#6 Raba Kuukuu

Ni kweli. Sauti. Mkuu umenikumbusha.

#7 Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi naye kwenye hema la huduma ya kwanza miaka 9. Niseme la kitaalamu kidogo kwa sababu naona likipotea pamoja naye, ni rahisi mtu kuumia.

Mliotembea naye nyuma mtakumbuka kwamba hakuwa akimlazimisha mtu maji. Aliuliza, "Una kiu?" Ukisema hapana, aliliacha. Kuna waliomwona mkali, maana kila mahali pengine mkimbiaji anasukumiwa kikombe na kuambiwa kunywa, kunywa. Mimi ndiye nilimpa ule utafiti, na aliuelewa kuliko madaktari wawili niliowapa siku hiyohiyo. Wakimbiaji 488 wa maratoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa chumvi ya sodiamu imeshuka chini ya kiwango. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Wengi wao walikuwa wamekunywa kupita kiasi, mpaka wakamaliza wana uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Na walioelemewa zaidi walikuwa wale wanaochukua muda mrefu, zaidi ya saa 4, kwa sababu wana nafasi ya kupita vituo vyote polepole na kunywa kila kimoja.

Yaani watu wake. Watu wa nyuma. Alinipigia usiku baada ya kusoma, akaniuliza: "Kwa hiyo nikiwa mwema sana nawaua?" Nikamwambia, ukiwa mwema bila kuuliza, inawezekana. Akaanzisha lile swali. Akabakiza sanduku la bluu, akabadilisha namna ya kulitoa.

La pili ni joto. Mtu akianza kuyumba, akajibu mambo yasiyoeleweka, ngozi ina moto, huyo si wa kukalishwa kivulini na kupepewa. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 na akili ikavurugika, unampoza kwanza, ndipo unamsafirisha. Maji baridi, mwili mzima, papo hapo. Beseni kubwa la plastiki lililokuwa likitusumbua kulibeba kila Jumamosi lilikuwa la kazi hiyo. Lilikaa miaka 6 bila kutumika, tukawa tunamwomba aliache nyumbani. Mwaka wa 7 likatumika. Kijana wa miaka 22. Yuko hai, ana mtoto, na naamini anasoma hapa. Sitasema zaidi, akipenda ataandika mwenyewe.

Tafadhali beseni lisiachwe.

#8 Pumzi Ndefu

Nimesoma yote, nashukuru. Mimi ni mgeni kidogo kwenu, nina misimu miwili tu. Napendekeza mbio za mwaka ziitwe kwa jina lake, na tuchange kikombe kikubwa chenye picha yake kikabidhiwe kwa mshindi. Niko tayari kuanza mchango.

#9 Kumi Bila Kupumzika

Naunga mkono, ila kikombe asipewe mshindi. Mshindi ana vya kwake. Apewe wa mwisho.

#10 Kamba Fupi

@Kumi hapana. Mtu wa mwisho usimwite mbele ya watu. Shangazi aliweka mtu nyuma yake ili asijulikane kuwa ni wa mwisho, sisi tutampandisha jukwaani?

#11 Kumi Bila Kupumzika

Umenishinda. Naliondoa.

#12 Mwanzisha uzi

Nimekaa na hili siku mbili. Pumzi Ndefu, wazo lako limetoka moyoni na nakushukuru, lakini acha niseme ninachoamini, hata kama kitawaudhi wengine.

Jana mwanawe alinipa daftari. Wengi mlimwona nalo mkadhani ni la muda wa wakimbiaji. Muda ulikuwa unaandikwa kwenye orodha nyingine. Daftari hili lina safu tatu tu. Tarehe. Jina la mtu aliyemaliza mbele yake yeye, yaani wa mwisho wetu. Na safu ya tatu ina neno moja, "karudi", au haina kitu.

Kurasa na kurasa, miaka 16. Hakuna mshindi hata mmoja humo ndani. Palipo wazi kwenye safu ya tatu, pembeni kuna alama ndogo za penseli, na nilipozihesabu nikagundua ni simu. Alama moja ni Alhamisi moja. Wako watu wana alama moja kisha "karudi". Wako wenye tano. Kuna mama mmoja ana alama 31, na mbele yake, kwa wino wa rangi nyingine, "karudi". Na wako wenye alama nyingi ambazo mwishoni hazina neno.

Nilijitafuta. Nipo. Alama moja. "Karudi."

Sasa hili ndilo linaloniuma. Nilipoyapanga mambo aliyokuwa akiyafanya, ili tuone nani atachukua lipi, nimepata: kutembea nyuma, kupima njia upya kila inapobadilishwa, stoo ya vifaa, simu za Alhamisi, kufundisha waongozaji, kuosha vikombe, beseni. Kazi saba za mtu mmoja mwenye goti bovu. Na sisi tulikuwa zaidi ya 100 kila Jumamosi. Tulimpenda kweli, sina shaka na hilo, lakini kumpenda kwetu kulikuwa kumshukuru tukishamaliza kukimbia, tunapanda magari, yeye anabaki anafungasha. Msimu wake wa mwisho alitembea akiwa na maumivu na mimi, rafiki yake wa miaka 14, sikuyaona, kwa sababu siku zote nilikuwa mbele yake. Nilimwona akiingia. Sikumwona akitembea.

Kwa hiyo siko tayari kuchangia kikombe. Jina la mbio familia itaamua, tusiwatangulie. Ninachoomba ni majina saba chini ya uzi huu, na nyuma ya kila jina jina la pili la kumpokea akichoka. Hakuna kuchukua kazi mbili. Mimi naanza: simu za Alhamisi.

#13 Kumi Bila Kupumzika

Kupima njia. Baiskeli yake mwanawe amenikabidhi jana na kifaa chake. Anayetaka kuwa wa pili tuonane, nitamfundisha kama nilivyofundishwa, nitajitahidi bila kununa.

#14 Muuguzi wa Zamu

Beseni na hema. Wa pili ninaye tayari, yule kijana niliyemtaja. Ameniandikia faragha, amekubali niseme.

#15 Kamba Fupi

Kufundisha waongozaji. Najua hamkutegemea. Lakini nani mwingine hapa anajua kamba ikivutwa inakuwaje upande wa pili?

#16 Raba Kuukuu

Vikombe. Vikombe vyote na sanduku la bluu. Naomba nipewe hilo.

#17 Pumzi Ndefu

Nimekuelewa, mkuu, na sikuudhika. Stoo. Nimeshakwenda leo jioni, nimehesabu. Koni ni 37, moja nadhani ilibaki njiani Jumamosi, nimeirudia njia sijaiona. Pini za namba ziko kwenye kopo la rangi, zimepangwa hamsini hamsini.

#18 Mwanzisha uzi

Imebaki moja, na ndiyo ile. Kutembea nyuma. Naelewa kwa nini kila mtu anairuka.

#19 Mama wa Alama 31

Nadhani daftari linanisema mimi. Nimeambiwa na binti yangu, akanisomea.

Sikuacha kuja kwa uvivu. Nilikuwa nimefiwa. Shangazi hakuwa anajua mwanzoni, nilimwambia kwenye simu ya sita au ya saba. Hakunionea huruma ya maneno mengi. Alisema atakuwa anapiga hivyohivyo kila Alhamisi na si lazima nijibu kuhusu kukimbia. Kuna wiki tulizungumza dakika moja. Kuna wiki alinisomea orodha ya waliokuja, jina kwa jina, nikawa nasikiliza tu. Siku niliyorudi alikuwa amebeba koni, akanitazama, akanipa mbili nibebe.

Sina mbio. Natembea. Kama kazi ni kutembea, mimi naiweza. Wekeni jina langu, na binti yangu awe wa pili wa kunipokea.

#20 Mwanzisha uzi

Taarifa ya Jumamosi.

Walioanza ni 118, waliomaliza ni 118. Njia haikubadilika. Maji hayakuisha, sanduku la bluu lilifunguliwa saa 1 na dakika 20 baada ya kuanza na vikombe 6 vilibaki. Koni zimerudi 37. Ile ya 38 ilionekana na Kamba Fupi, aliikanyaga kwenye majani karibu na kona ya kilomita ya 4.

Mama alitembea nyuma na kizibao kile cha njano, kimemfikia magotini. Mbele yake alikuwa kijana mgeni, mara yake ya kwanza, hakutaka kuzungumza na mtu. Tuliwasubiri. Niliiona njia ikiwa tupu kwa dakika nyingi sana, nikajua jinsi zinavyokuwa ndefu upande huu. Kisha tukasikia zile koni zikigongana kabla hatujawaona.

Saa 1, dakika 41 na sekunde 19. Nimeandika jina lake kwenye daftari, chini ya mwandiko wa Shangazi. Amenipa namba ya simu. Safu ya tatu nimeiacha wazi, Alhamisi nitampigia.